Mwalimu wa Kiswahili na Beseni la Pasaka

Walimu wenzangu, nimewaaibisha. Wote. Pamoja na vyeti vyenu.

Nawaandikia mwenyewe, mapema, kwa sababu kuna kijana wa kwaya alikuwa ameinua simu juu muda wote, na video ya namna hiyo itafika Tanga kabla yangu. Bora mlisikie kwangu. Nimekaa nyuma ya nyumba ya watu, Bukavu, sikukuu ya Pasaka, mikono inanuka dagaa. Nimeinawa mara tatu.

Mnajua nilichokuja kufanya huku. Mwanangu Beni anafunga umeme wa jua Bukavu mwaka wa pili sasa, na amempata binti, anaitwa Furaha. Leo baada ya misa ndipo nilikuwa nitambulishwe kwa ukoo wa binti, nao waseme kama mtoto wao wanatupa au hawatupi. Baba yake Beni hayupo, Mungu amrehemu, kwa hiyo macho yote kwangu. Na Beni aliniomba kitu kimoja tu, tukiwa bado tunavuka daraja la mpakani na mabegi yetu.

"Mama, tafadhali. Huko tuendako usimsahihishe mtu Kiswahili."

Nikamwambia mimi si mtoto mdogo.

(Nilivumilia kama saa moja na nusu.)

Kwa akina Furaha ni Cimpunda, juu kabisa, huko ambako njia ni ngazi na ngazi zenyewe ni mawe. Nimefika jana mchana natweta, kiatu kimoja mkononi. Mama yake Furaha, ambaye kila mtu anamwita Maman Furaha, akatoka mbio kunipokea. Akanikumbatia, akanitazama kwa huruma, akasema, "Pole maman, unachoka." Nami, pumzi yenyewe sina, nikamjibu, "Tunasema umechoka."

Beni akafumba macho.

Maman Furaha akatabasamu. "Aksanti, Mwalimu," akasema. Tangu hapo jina langu likawa Maman Mwalimu, nami nikalipokea kama sifa. Jioni mezani nikasahihisha "batoto". Nikasahihisha "iko". Nikamsahihisha mjomba wa binti, mzee mwenye mvi anayeitwa Tonton Déo, alipokuwa anaomba chumvi. Mzee wa watu akaiacha hiyo chumvi, akala hivyo hivyo. Furaha mwenyewe, ambaye Beni alinisifia kwamba ni mcheshi ajabu, nikaona kadiri chakula kinavyokwisha ndivyo na maneno yanavyomwishia. Nikadhani ni adabu. Mimi mtu wa Tanga, Kiswahili nimezaliwa nacho, nikafundisha miaka thelathini na moja. Niliona kama nawasaidia.

Na dalili nilishapewa, jamani. Msiseme sikuonywa. Mwaka jana Beni aliniambia kwa simu kwamba mama yake Furaha ni "présidente" wa shirika. Nikajua mwanangu kaula. Nikawatangazia humu humu kundini kwamba naenda kukaa na kiongozi wa shirika, na Bi. Mwanaidi akaniuliza kama kuna nafasi za kazi kwa mjukuu wake. Nikashona gauni la heshima. Nimefika, kumbe shirika kwao ni jumuiya ya kanisani. Zile jumuiya ndogondogo za nyumba kwa nyumba, kama yetu. Mtu mwenye akili angesema: kumbe maneno ya huku yana maana zake, ngoja nitulie nijifunze. Mimi nikasema: wanakosea.

(Bi. Mwanaidi, samahani. Nafasi hakuna.)

Sasa leo asubuhi. Kanisa lao ni kubwa, na bado limemwaga watu nje hadi chini ya turubai. Sikukuu kama hii, wakati wa matoleo, shirika lenye zamu linabeba vipaji vyake kwa maandamano, ngoma zinapigwa, watu wanacheza kuanzia mlangoni mpaka kwa padri. Leo ilikuwa zamu ya shirika la Maman Furaha. Nimevalishwa kitenge cha sare kama wao, na kilemba, na mimi mwenyewe nikajiona napendeza. Tumekusanyika nje kwenye mlango mkubwa, vitu vimepangwa chini, kwaya imeshaanza, na Maman Furaha anagawa haraka haraka kila mtu abebe nini.

"Tonton Déo, ndizi. Maman Noëlla, bunga. Furaha, mafuta."

Kisha akainua beseni kubwa kuliko vyote, limefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, akaniwekea mikononi kwa heshima zote.

"Maman Mwalimu, sambaza."

Nikafunua kitambaa kidogo. Dagaa. Wakavu, wadogo wadogo, wanang'aa, wamejaa pomoni.

Hapa tulieni, ninyi wenye sarufi. Ndizi: nomino. Unga: nomino. Mafuta: nomino. Sambaza: kitenzi, hali ya kuamrisha, nafsi ya pili, umoja. Wenzangu wote walipewa vitu. Mimi peke yangu nimepewa kazi. Nimeambiwa niwasambaze hawa dagaa. Kuna anayebisha?

Na sikukurupuka. Niliuliza.

"Wote?"

"Yote," akasema Maman Furaha. "Usiache hata moja."

"Kuanzia wapi?"

Akanishangaa kidogo. "Kuanzia hapa ku mulango mupaka ku altare."

Mtu akikujibu hivyo, wewe ungefanya nini?

Nikajiongezea na mafundisho ya dini juu yake. Nikakumbuka Injili, umati wa watu nyikani, mikate michache na samaki wadogo. Nikasema moyoni, kumbe hawa ndugu wana imani kubwa namna hii: siku ya Ufufuko wanampa mgeni awalishe watu samaki. Machozi yalinilengalenga. Nikaazimia kuifanya kazi ile vizuri kiasi kwamba mchana ukoo ukikaa usiwe na hata swali moja.

Nilikuwa wa mwisho kwenye mstari, kwa sababu beseni langu ndilo lilikuwa kipaji kikubwa (hili nimelijua baadaye, kama mambo yote muhimu ya leo). Walio mbele yangu walikuwa wanatazama mbele. Hatua mbili kwenda, moja kurudi, mabega yanacheza. Hakuna aliyeniona.

Benchi la kwanza mlangoni alikaa mzee mmoja aliyevaa koti juu ya koti. Nikachota konzi ya dagaa, nikamwekea kiganjani. "Pasaka njema, baba." Akautazama mkono wake. Akanitazama mimi. Akasema "aksanti, maman," akabaki ameunyoosha mkono ule vile vile, anangoja aambiwe la kufanya. Aliyefuata ni mama mwenye mtoto mgongoni. Mtoto alipokea mwenyewe na kuanza kutafuna. Wa tatu alikuwa bwana wa suti nyeupe. Huyu akatoa leso, akaikunjua, akapokelea humo, akaikunja vizuri, akairudisha mfuko wa juu ikatokeza ncha kama mwanzo.

Kufikia katikati ya kanisa watu walishaandaa viganja. Mama mmoja alinifungulia pochi. Mwingine alipokelea kwenye kitabu cha nyimbo. Wa kule ukutani wakaanza kunyoosha mikono, nami nikapenya kati ya mabenchi kuwafikia, asije akasema mtu kwamba mgeni ana upendeleo. Furaha amenieleza baadaye kilichokuwa kinanong'onwa: eti Batanzania wanafanyaga hivi siku ya Pasaka, ni desturi yao, pokea tu usimwaibishe. Mnaona? Wao walidhani ni desturi yetu. Mimi nilidhani ni desturi yao. Kanisa zima lilikuwa linaheshimiana.

Kwaya ilipoona maandamano hayafiki mwisho ikarudia ubeti. Ikaurudia tena. Nikaona si haki watu wanaimba hivyo bila kitu, nikawapa na wao. Sauti ya pili ikapungua ghafla.

Beni alikuwa upande wa kushoto, karibu na mbele. Yeye nilimwekea konzi mbili, mama ni mama. Akasema kitu lakini ngoma zikakimeza. Akatikisa kichwa kwa nguvu, na mkono akapunga. Nikamwelewa kwamba anasema amepata wa kutosha. Nikampongeza kimoyomoyo kwa kutokuwa na tamaa.

Nikafika mbele. Wenzangu walishakabidhi ndizi na unga na mafuta, wamejipanga pembeni, sasa wanageuka kuniangalia. Ngoma zikanyamaza. Padri amenyoosha mikono miwili, anatabasamu, na amebandika kwenye kanzu kile kipaza sauti kidogo ambacho mtu unasahau kuwa kipo. Mimi jasho linanitoka, nimeridhika kabisa na kazi yangu. Nikaliinamisha beseni aone ndani. Mlibaki kichwa kimoja cha dagaa na vumbi la magamba.

Padri akachungulia.

"Maman," akasema kwa upole, "sambaza iko wapi?"

"Nimesambaza, Padri."

"Ndiyo, sambaza. Iko wapi?"

"Nimesambaza wote."

"Yote iko wapi?"

"Kwa watu, Padri. Tangu mlangoni."

Maneno haya yote, yangu na yake, yalikuwa yanatoka kwenye spika nne za ndani na mbili za chini ya turubai. Padri akaliangalia beseni, akawaangalia waamini wake, na waamini wengine wakaficha mikono nyuma. Nikaona uso wake unaelewa kitu ambacho mimi bado sikukielewa.

"Maman," akasema taratibu, "sambaza ni jina ya samaki. Hii yetu ya mu ziwa."

Ndugu zangu. Mungu ndiye shahidi. Nimesimama mbele ya altare, nimegawa sadaka ya watu, nimevaa sare yao, ukoo wa mkwe unanitazama. Lipo neno la kusema wakati kama huo. Ni "samahani". Halikuja. Miaka thelathini na moja ya chaki ikapanda yenyewe kooni.

"Jina *la* samaki," nikasema.

Kwenye kipaza sauti.

Chini ya turubai, huko nje, mtu mmoja akaanza kucheka, kicheko kikaingia kwa mlango mkubwa kikaja benchi kwa benchi hadi kwa wale watumishi wa altare wenye mishumaa. Padri mwenyewe aligeukia upande akajifanya anatafuta kitu. Mimi nilicheka pia, kile cha kujitetea, mpaka nilipomwona Maman Furaha. Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa analitazama beseni.

Furaha akanisogelea akaninong'oneza. Wale sambaza walikuwa wa wazee wanaotunzwa na masista nyuma ya kanisa. Kila Ijumaa ya Kwaresima kila nyumba ya shirika ilileta konzi moja, na mama yake akawaanika juu ya bati la nyumba yake, akikaa na fimbo kufukuza paka. Wiki zote zile. Leo ndiyo ilikuwa Pasaka ya wale wazee.

Hapo kicheko kilinikauka. Sikutamani hata ardhi inimeze, maana ningemezwa na beseni la watu mkononi. Niliona aibu, na chini ya aibu nikaona huzuni, kwa sababu yule mama hakunifanyia ubaya wowote tangu jana.

Padri akawageukia watu. "Bakristu," akasema, "mwenye anapokea sambaza ya bazee, airudishe. Mwenye anaikula, Mungu anamuona."

Basi yakaanza matoleo ya pili. Nimesimamishwa pale pale na beseni langu, na kanisa zima likapita mbele yangu. Bwana wa suti nyeupe alitumbukiza na leso yake. Mama wa pochi aligeuza pochi juu chini, ukatoka na ufunguo. Wengi walipokuwa wanamwaga dagaa zao waliniambia kwa heshima kubwa, mmoja mmoja, bila kucheka: "Sambaza, Mwalimu." Nami kila mmoja nikamjibu asante. Yule mzee wa makoti mawili alikuja mkono umenyooka vile vile nilivyomwacha, hakuwa amegusa hata mmoja. Kwaya haikurudisha kitu.

Beseni lilirudi, likapungua vidole vitatu hivi kutoka ukingoni. Wazee wamepata Pasaka yao, nilikwenda mwenyewe na Maman Furaha kuikabidhi. Lakini njia nzima hakunisemesha. Kupanda zile ngazi za Cimpunda hakunisemesha. Beni alitangulia mbele yetu, mabega yamemshuka, hageuki. Nimemlea mtoto yule peke yangu tangu ana miaka tisa na sijawahi kumharibia kitu. Leo kitu kimoja alichoniomba nilishindwa, na kwa sababu hiyo nikamwona anaelekea kumkosa mwanamke anayempenda. Niliogopa. Nasema kweli, niliogopa kuliko siku zote za mitihani ya taifa.

Ukoo ulishakaa sebuleni. Tonton Déo ndiye msemaji wao, na kwa utaratibu nilitakiwa ningoje niulizwe. Sikungoja. Nikasimama. Nikawaambia nimewakosea wazee wao leo, na wao wenyewe nimewakosea tangu jana. Nikasema nimeingia kwenye nyumba ya watu na kalamu nyekundu mkononi, nikaanza kuweka mikasi ya makosa kabla hata ya kumaliza chai yao. Nikasema kama kuna adhabu, iwe yangu. Beni hakutumwa na mimi kuja kupenda huku, alipenda mwenyewe, na anapenda vizuri. Nikamgeukia Tonton Déo nikamwomba radhi kwa ajili ya chumvi.

Nikakaa. Tonton Déo akamtazama dada yake, yaani Maman Furaha, maana hata kama msemaji ni yeye, mtoto ni wa huyu.

Maman Furaha alikuwa anaikunja ile kitambaa nyeupe ya kufuma (kile kitambaa cheupe; mnaona, nimeshaanza). Aliikunja mara nne, akaiweka mapajani.

"Jana sikulala," akasema. "Niliogopa. Nilisema mutoto wangu anaenda ku batu benye habakosi. Kila siku atakuwa anakosa yeye peke yake, mu nyumba yao, mupaka anyamaze. Uliona jana alivyonyamaza?"

Nikasema niliona.

"Leo unakosa mbele ya kanisa muzima," akasema. "Halafu unakosa tena mbele ya micro." Hapo mdomo ukaanza kumcheza. Alijitahidi kuuzuia, ukamshinda, akacheka hadi akashika kifua, na Furaha naye akacheka, na nikaisikia kwa mara ya kwanza ile sauti ambayo mwanangu amekuwa akinisimulia kwa simu mwaka mzima. Alipotulia alijifuta macho kwa kile kitambaa. "Sasa sina woga," akasema. "Aende."

Kina mama wakapiga vigelegele. Beni alilia, ingawa anakataa. Tonton Déo akaongeza sharti lake, kwamba siku tutakapokuja na wazee wetu kutoka Tanga, nipande na beseni la sambaza kichwani mimi mwenyewe, na nifike nalo likiwa limejaa.

Sasa chekeni, nimewaruhusu, ila fanyeni haraka mmalize kabla sijarudi. Miaka thelathini na moja nimetoa alama kwa waliopatia. Leo nimepewa mkwe kwa kukosea.